Riyam, Jebel Shams au Jebel Akhdar: njia ipi kwa siku moja ya kutembea taratibu katika milima ya Oman?

Mgeni anayefika Maskati, awe ametoka Unguja kuwatembelea jamaa au Mombasa kikazi, akisema anataka siku moja ya kutembea mlimani, mara nyingi hutajiwa Jebel Shams kabla ya kuulizwa chochote. Milima ya Hajar ina njia za kila namna. Njia inayomfurahisha kijana mwenye mazoezi inaweza kuwa adhabu kwa aliyekuja na mama yake na mtoto wa miaka 8. Hapa tunaziweka pamoja njia tatu zinazofaa matembezi ya kujionea: kusimama ukatazama mwamba, kuchungulia mahame, kukaa kivulini na tende na chupa ya kahawa. Ya kwanza ni ya Riyam hadi Matrah, ndani ya mji wenyewe. Ya pili inapita kwenye genge la korongo la Jebel Shams, kutoka Al Khitaym hadi As Sab. Ya tatu inaunganisha vijiji vya Jebel Akhdar: Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah.

Kilele cha Jebel Shams tumekiacha makusudi. Njia ya W4 inapanda hadi kilele cha kusini, karibu mita 3,000 juu ya bahari, na kwenda na kurudi humaliza mchana wote hata kwa mtu mwepesi. Kule hakuna nafasi ya kuzubaa, na sisi tunazungumzia siku ya kuzubaa.

| | Riyam–Matrah | Al Khitaym–As Sab | Vijiji vya Jebel Akhdar |
|---|---|---|---|
| Umbali | karibu km 2.5 hadi Matrah | km 7 hadi 8, kwenda na kurudi | km 4 hadi 5, kwenda na kurudi |
| Kimo | kutoka pwani hadi karibu mita 200 | karibu mita 1,900 | karibu mita 1,900 hadi 2,000 |
| Muda wa kutembea tu | saa 1½ hadi 2 | saa 3 hadi 4 | saa 2 hadi 3 |
| Muda wa kutenga | saa 3 | saa 6 | saa 5 |
| Gari kutoka Maskati | dakika 10 hadi 20 | saa 3 hadi 3½ | saa 2½ |
| Aina ya gari | lolote | 4x4 ni bora | 4x4 ni lazima |
| Maji kwa mtu mmoja, msimu wa baridi | lita 1.5 | lita 3 | lita 2 |

Mstari wa kuangalia kwanza kwenye jedwali ni muda wa kutenga. Anayepanga kwa kufuata muda wa kutembea tu hujikuta anakimbizana na jua: anapita mbele ya nyumba za kale bila kuingia, kisha anaharakisha wakati wa kurudi, na harakaharaka juu ya mawe ndiyo inayotegua vifundo vya miguu. Chukua muda wa kutembea, uzidishe mara mbili au karibu na hapo, kisha uuondoe kwenye saa ya machweo. Mwezi Desemba jua huzama Maskati kabla ya saa 11:30 jioni, na ndani ya korongo kivuli hutangulia. Kwa hiyo As Sab uwe umeanza kutembea saa 4 asubuhi ukichelewa sana. Ukihesabu na mwendo wa gari, utaona kwa nini watu wengi hulala Nizwa au Al Hamra, miji iliyo chini ya mlima, usiku wa kuamkia siku hiyo.

Riyam hadi Matrah

Hii inadharauliwa kwa sababu iko mjini, na dharau hiyo si ya haki. Njia inaanzia Riyam, karibu na bustani yenye chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana ukiwa popote kwenye barabara ya ufukweni. Ngazi zinapanda kwa ukali mwanzoni. Dakika 20 hadi 30 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na ukizimaliza umeshapata bahari nyuma yako na milima ya kahawia mbele. Kabla ya barabara ya pwani kujengwa, hivi ndivyo watu walivyotoka upande mmoja kwenda mwingine kwa miguu. Katikati kuna mahame ya kijiji kidogo: kuta za mawe, vijukwaa vilivyokuwa mashamba, na mabaki ya mahali pa kuhifadhia maji. Baada ya hapo njia inateremka kwenye wadi (mkondo wa mto ulio mkavu mpaka mvua inyeshe) nyembamba hadi kwenye nyumba za Matrah, nyuma ya soko. Kurudi Riyam ni mwendo wa barabara tambarare kando ya maji, chini ya ngome.

Mwamba wa upande huu ni tofauti kabisa na wa bara. Sehemu kubwa ya mawe haya meusi na ya kahawia ilikuwa sakafu ya bahari, iliyoundika karibu miaka milioni 95 iliyopita, kisha ikasukumwa juu ya ukingo wa Bara Arabu. Oman ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo sakafu ya bahari ya kale inaonekana waziwazi hivi, na wataalamu wa miamba husafiri kutoka mbali kuja kuiona. Kwa mtembeaji maana yake ni hii: mawe haya humeguka vipande vidogo. Vipande hivyo vikilala juu ya mwamba laini ulioinama, ukivikanyaga vinabingirika kama mtama uliomwagwa sakafuni. Wanaoanguka kwenye njia hii huanguka wakati wa kuteremka, na karibu kila mara wameegemea nyuma kwa hofu. Uegemee mbele kidogo, ukunje magoti, ukanyage kwa wayo mzima.

Hatari kubwa ya Riyam ni joto. Mwamba mweusi hunyonya jua la asubuhi na kulitoa mchana wote, na njia iko chini kiasi kwamba hakuna ubaridi wa kimo. Kuanzia Mei hadi Septemba iache kabisa, hata kwa ahadi ya kuondoka alfajiri. Msimu wake ni Novemba hadi Machi. Anza saa 12:30 au saa 1 asubuhi, au saa 9 alasiri ili umalizie sokoni maduka yakiwa wazi. Mchana mengi hufungwa. Na mvua ikitabiriwa usiingie, kwa sababu nusu ya pili ya njia ndiyo mkondo wenyewe wa maji.

Al Khitaym hadi As Sab

Hapa ndipo penye picha ambazo kila mtu amewahi kuziona. Korongo la Wadi Nakhr limekatwa kwenye tabaka za mwamba wa chokaa, na kutoka ukingo hadi chini ni karibu mita 1,000. Njia haiko juu ya ukingo. Inapita kwenye kibaraza cha asili katikati ya genge: ukuta upande mmoja, hewa tupu upande wa pili. Ilikuwa njia ya wanakijiji na punda wao, ndiyo maana upana wake unatosha, mita moja na zaidi kwa sehemu kubwa, na mteremko ni wa polepole. Ugumu wake uko kichwani zaidi kuliko miguuni. Hakuna kuta za kuzuia, na kuna mahali ambapo jiwe ulilolipiga teke hulisikii likitua.

Basi swali la kwanza la kuchagua njia hii halihusu nguvu. Je, kati yenu kuna anayepatwa na kizunguzungu akisimama kwenye baraza ya ghorofa ya kumi? Akiwepo, msimlazimishe. Mtu mwenye hofu ya kimo huweza kwenda dakika 40 kwa kujikaza, kisha miguu ikamgoma mahali ambapo hakuna wa kumbeba. Watoto wadogo washikwe mkono, upande wa ukuta, wakati wote. Sisi tusingempeleka hapa mtoto wa chini ya miaka 8 au 9.

Alama za njia ni mistari mitatu ya rangi iliyopakwa kwenye mawe: njano, nyeupe na nyekundu. Kanuni ni rahisi: ukitembea dakika 5 bila kuona alama, geuka urudi kwenye ya mwisho uliyoiona. Wanaopotea huku hufuata vijia vya mbuzi, ambavyo vinafanana mno na njia ya watu kwa hatua 50 za kwanza, kisha vinaishia kwenye mwinuko ambao mbuzi peke yake anauweza.

Kwenda ni kuteremka kidogo kidogo, kurudi ni kupanda. Hilo huwapotosha wengi. Wanafika As Sab wakiwa na nguvu, wanakunywa maji yaliyobaki kwa kujiachia, kisha wanakutana na kupanda saa 7 mchana. Gawa lita zako tatu mafungu matatu: lita moja kwenda, moja pale kijijini na chakula, moja kurudi. Ukiona lita ya kwanza imeisha kabla ya nusu ya njia ya kwenda, geuka hapohapo. Ni uamuzi mchungu, lakini njiani hakuna duka wala bomba.

As Sab yenyewe inastahili saa nzima. Nyumba zimejengwa kwa mawe na udongo chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, na baadhi bado zina milango na vijishimo vya kuhifadhia nafaka. Chini yake kuna matuta ya mashamba yaliyoshikiliwa na kuta za mawe makavu, pembezoni kabisa mwa genge. Ukiyatazama unajiuliza udongo ule ulifikaje. Nyuma ya nyumba kijia kinapanda hadi kwenye bwawa dogo lililo kivulini, chini ya mwamba. Maji yake huzidi au kupungua kufuatana na mvua, kwa hiyo usiyahesabu kama maji ya kunywa. Usipande juu ya kuta wala mapaa ya nyumba: udongo uliozishika umekauka kwa miaka mingi, na jiwe moja likitoka huvuta mengine.

Pale Al Khitaym kuna mbuzi waliozoea wageni. Begi lililowekwa chini bila kufungwa zipu hupekuliwa mara moja. Wakazi huuza vitu vilivyofumwa kwa sufu na manyoya ya mbuzi, rangi nyekundu na nyeusi. Uwe na noti ndogondogo, maana chenji ya noti kubwa haipatikani.

Ukilinganisha na Riyam, mwamba wa chokaa unashika kiatu vizuri, lakini una makali. Maji ya mvua yenye tindikali kidogo huula na kuacha meno na mashimo, na soli laini ya kiatu cha mazoezi huchanika huko haraka. Hapa vaa kiatu chenye soli ngumu.

Vijiji vya Jebel Akhdar

Anayetaka kuona jinsi watu walivyoishi na mwamba huu, na wanavyoishi hadi leo, aje huku. Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah vimening'inia ukingoni mwa bonde moja, na njia inapita katikati ya matuta ya bustani, sehemu nyingi kando ya falaj, mfereji wa kugawa maji kwa zamu. Ni mfumo uleule ulioiingiza mifereji mitano ya Oman kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mmojawapo, Falaj Al Khatmain, uko Birkat al Mawz, mahali barabara ya mlima inapoanzia. Ukiwa na nusu saa ya ziada, simama uuone kabla ya kupanda.

Njia ina ngazi za saruji, kuta za mawe, vichochoro. Kuna kupanda na kushuka, ila kila dakika kumi pana mahali pa kukaa. Kati ya njia tatu, ndiyo pekee tunayoweza kuipendekeza kwa familia yenye wazee wanaotembea vizuri na watoto, na ndiyo pekee inayokuruhusu kukatiza safari popote na kurudi.

Msimu hubadilisha kila kitu. Kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Mei mawaridi huchanua, na huchumwa mapema asubuhi kabla jua halijaipeperusha harufu. Maua hupikwa kwenye vyungu vya udongo juu ya moto, mvuke ukakusanywa ukawa marashi. Yeyote aliyewahi kunyunyiziwa marashi kwenye harusi au hitima ya Zanzibar ataijua harufu hiyo mara moja, ingawa ya huku ina moshi kidogo ndani yake kwa sababu ya namna inavyopikwa. Ukifika Aprili saa 4 asubuhi, maua ya siku hiyo yameshachumwa. Uwe kijijini saa 12:30. Makomamanga huiva mwishoni mwa kiangazi, karibu Agosti hadi Oktoba. Januari matuta huwa ya kijivu, miti haina majani. Aliyeona picha za kijani asije mwezi huo akidai ametapeliwa.

Kinachoharibu siku hapa ni gari na adabu. Kituo cha polisi cha Birkat al Mawz hakipitishi gari lisilo 4x4, na huthibitisha kwa kuangalia mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari. Gari la kukodi liwe na mulkiya inayosema hivyo, na mkataba unaoruhusu mlima. Kupanda si tatizo. Tatizo ni kuteremka: dereva anayeshikilia breki njia nzima huzipasha moto mpaka zinaacha kushika. Weka gia ya chini tangu juu, injini ndiyo ilizuie gari, na breki uiguse kwa vipindi.

Kuhusu adabu: hivi ni vijiji vyenye watu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Usipige picha za wanawake, na usichume tunda hata lililoinamia njiani. Usitumbukize miguu kwenye falaj, kwa sababu walio chini yako wanayatumia maji hayohayo. Salamu ya "as-salaam alaykum" hufungua mazungumzo, na si ajabu ukajibiwa kwa Kiswahili fasaha, maana ukoo wenye tawi Unguja, Pemba au Bujumbura si kitu adimu upande huu.

Joto, kimo na mvua

Hewa hupoa karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, Maskati ikiwa nyuzi 38, Al Khitaym na Al Aqr huwa karibu 25 au 26. Ndiyo sababu njia mbili za juu zinatembeka hata miezi ambayo Riyam haiguswi. Lakini ubaridi huo unadanganya. Jua la juu linachoma zaidi, hewa kavu hukausha jasho kabla hujalihisi, na mtu huamini hana kiu. Kunywa mafunda machache kila dakika 15 hadi 20, kwa saa na si kwa kiu. Kwenye njia ya As Sab beba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Kila pakiti ni kwa lita moja ya maji safi. Anayekunywa maji matupu mengi huku akitoka jasho anaweza kupatwa na kichefuchefu na kuumwa kichwa, akadhani ni kiu na kuzidisha kosa.

Usiku wa Januari huko juu hukaribia nyuzi sifuri. Koti jepesi la kuzuia upepo liwemo hata kama asubuhi Maskati ulitoka na shati.

Mvua ni habari nyingine. Mwamba mtupu haunyonyi maji, kwa hiyo wingu lililonyesha mbali huweza kuleta gharika kwenye wadi ambako mbingu ni safi. Kwenye njia ya As Sab uko juu ya mkondo, lakini mawe huporomoka kutoka kwenye genge juu yako. Radi ikitabiriwa juu ya Hajar, ahirisha njia zote tatu.

Viatu, kabla hujaondoka nyumbani

Viatu vilivyokaa kabatini miaka minne au mitano pwani, iwe Maskati au Dar es Salaam, vinaweza kuonekana vipya kabisa. Unyevu na joto huivunjavunja povu iliyo kati ya soli na kiatu, na soli hung'oka nzima ndani ya saa ya kwanza ya kutembea. Siku tatu kabla, vikunje kwa nguvu na ubonyeze pembeni mwa soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa au unga, viache. Kwa tahadhari, zungushia mita mbili za utepe mpana wa kunata kwenye chupa yako ya maji. Utafunga soli, na pia utazuia lengelenge ukiubandika mapema pale ngozi inapoanza kuwaka.

Tungechagua ipi?

Mwenye nusu siku, au asiyekodi gari: Riyam, bila kusita. Mwenye familia ya umri mchanganyiko: vijiji, na ikiwezekana Aprili. Watu wawili au watatu wasioogopa kimo, walio tayari kuamka saa 10 alfajiri au kulala Al Hamra: As Sab, na hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu inayokaribia ukuu wake. Tofauti ya bei nayo ionekane wazi. Riyam inakugharimu teksi na chupa ya maji, wakati zile mbili zinadai gari la siku nzima, 4x4 kwa lazima au kwa ubora, na mafuta ya kwenda na kurudi. Jaza tangi Nizwa au Birkat al Mawz, usitegemee mlimani.

Kwa mwenye siku mbili, mpangilio unaofanya kazi ni kuanza na vijiji asubuhi, kuteremka alasiri mapema ili barabara ya mlima usiiteremke gizani, kulala Nizwa au Al Hamra, kisha kesho yake kuwa Al Khitaym saa 2 asubuhi. Namba ya dharura ya polisi ni 9999. Mtandao wa simu hukatika ndani ya korongo, hivyo ramani uipakue mapema, na mwachie mtu aliyebaki nyumbani jina la njia na saa ambayo akiwa hajakusikia, apige.